Alitazama Mtungi, Akamwona Mkwe

Mwaka ule Kisorya nzima ilikubaliana kwamba Mama Masatu amepandwa na kiburi. Ushahidi ulikuwepo, tena wa kutosha. Alipishana na mke wa katekista njiani, mchana kweupe, akapita kama aliyepishana na mti. Wanaume wa kivukoni walimpungia mkono, naye akaendelea na safari yake. Halafu Jumapili moja, baada ya misa, alisimama mbele ya kamba ya nguo ya jirani yake, akaisalimia suruali ya kaunda mara mbili, na suruali ilipokaa kimya akaiambia kwa ukali kwamba zamani watu walikuwa na adabu. Waliokuwepo walicheka hadi wakakaa chini, lakini hakuna aliyejiuliza zaidi. Mtu akishaitwa mwenye kiburi, kila afanyalo ni kiburi, hata kuisalimia suruali.

Ukweli Mama Masatu mwenyewe, Dafroza kwa jina lake, aliujua peke yake, na alikuwa ameufungia kifuani karibu mwaka mzima. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa. Lilianza dogo, kama alama ya kidole chenye masizi juu ya kioo, akadhani ni moshi wa jikoni. Akanawa macho kwa maji ya ziwa, akanawa kwa maji ya mvua, akayapeleka kwenye rozari. Doa likazidi kupanuka. Akimtazama mtu alimwona mabega, mikono, na miguu hadi vidole, ila pale penye uso palikuwa na wingu. Akitazama kikombe, kikombe kilitoweka, meza ikabaki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakumjua Dafroza. Yeye aliona heri kifo kuliko kuonewa huruma.

Tena alikuwa na cha kupoteza. Dafroza alikuwa na kibanda cha chakula pale kivukoni, jirani kabisa na mahali ambapo feri ya Ukerewe hufunga kamba. Alikianzisha mwaka aliofiwa na mume, watu wakimwambia mjane hapiki njiani, arudi kwa kaka zake akalime muhogo. Miaka ya shida ikaja, sukari ikawa hadithi, sabuni ikawa kitu cha kuagizwa kwa mwenye ndugu Musoma, vibanda vingine vikafungwa kimoja kimoja. Chake hakikufungwa. Mafuta yalipokosekana alichoma. Sukari ilipokosekana aliwapa abiria uji wa mtama wenye ndimu na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna, akawaambia ndiyo chai ya msimu huu, wanywe au waruke majini. Walikunywa, wakacheka, wakarudi siku nyingine. Kibanda kile kilisomesha watoto wake wawili, Masatu na Susana, lakini si hilo lililomfanya akipende. Alikipenda kwa sababu feri ikipiga honi asubuhi, watu walishuka na njaa na habari, na vyote viwili vilimfikia yeye kwanza.

Aliyegundua siri ni Masatu. Huyu alikuwa karani huko Musoma, amejenga Buhare, anavaa saa, anapanga mambo. Alikuja kumsalimia mama yake mwezi wa sita, mwaka wa themanini na saba, akaketi mezani, na mama kwa upendo wote akammiminia chai ya moto gotini. Masatu hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa ofisi. Alifuta goti, akaanza kufikiri, na hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Keshokutwa yake walikuwa Bunda, mbele ya daktari wa macho aliyekuwa akipita pale mara moja moja. Daktari alimmulika Dafroza na kitochi, jicho la kulia, jicho la kushoto, akavuta kiti karibu.

"Mama, jicho lina sehemu ndogo katikati, ndiyo tunayosomea na kutambulia sura za watu. Kwako hiyo imechakaa. Ni umri tu. Miwani haitairudisha, na dawa yake mimi sina."

Akazima kitochi. "Lakini pembeni ni pazima kabisa. Ugonjwa huu hauleti giza tupu. Jifunze kutumia pembeni. Penda mwanga, na vyombo vyako viwe na rangi zinazoachana."

Dafroza alisikia yote. Masatu alisikia nusu ya kwanza tu. Daktari alipokuwa kwenye nusu ya pili, yeye tayari alikuwa anawaza kitanda cha mama kitakaa ukuta gani kule Buhare.

Wakarudi Kisorya nyuma ya lori, wamekalia magunia.

"Mama, huku basi," Masatu akasema. "Utakuja Buhare."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Nitakaa nafanya nini?"

"Utakaa tu, mama. Umeshafanyaga kazi ya kutosha."

Hilo la kukaa tu lilimchoma. Alimjua bibi mmoja wa Nyakato aliyekuwa akitolewa nje asubuhi na mkeka wake na kuingizwa ndani jioni, kama udaga, muhogo wa kuanika. Walimpenda sana bibi yule. Walimlisha, walimwosha, walimfukuzia nzi, na hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lolote isipokuwa kama ameshiba. Dafroza alitaka kugombana, lakini Masatu hakuwa mtoto mbaya, na hilo ndilo lililomtesa. Mtoto mbaya unamtukana ukalala usingizi. Huyu wake alikuwa ameshika mkono wa mama yake juu ya magunia tangu Bunda, na hakuuachia hata lori liliporuka mashimo.

Wakakubaliana, yaani Masatu akakubaliana, kwamba Krismasi ukoo utakaa kikao. Shangazi Ursula atatoka Butiama. Susana na mumewe watakuja. Baada ya hapo kibanda kitafungwa.

Sasa huyo mume wa Susana. Aliitwa Matiko, mzaliwa wa wafuga ng'ombe wa kule Tarime, aliyeacha ng'ombe kwa kaka zake akaja Nyakato, pale Musoma, kuuza vyombo. Miaka ya shida, alipokuwa akivusha vikombe na masufuria kutoka mpakani juu ya baiskeli, watu walimwita mlanguzi na alishalala mahabusu kwa ajili ya birika. Kisha ikaja ruksa ya biashara, na kwa vikombe vilevile na baiskeli ileile akaitwa mfanyabiashara. Yeye mwenyewe alisema hajaona tofauti, ila sasa analala nyumbani.

Kwa kina Matiko, na kwa kina Dafroza pia, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Si uadui, ni heshima, tena heshima yenyewe hasa. Matiko akija Kisorya alikaa mlangoni, bega moja ndani na bega moja nje, uso ameuelekeza uani. Dafroza alikaa ndani na uso wake aliuelekeza kwenye mtungi wa maji. Walisalimiana hivyo, wakaulizana habari za shamba na za watoto hivyo, mmoja akiongea na kuku na mwingine akiongea na mtungi. Chakula chake kilipita mikononi mwa Susana. Wakikutana njiani, Matiko aliingia majanini. Miaka yote hiyo Dafroza aliijua sauti yake, viatu vyake na kikohozi chake. Angeambiwa amtambue kwenye foleni, angeomba wakohoe mmoja mmoja.

Mwezi wa nane Matiko na Susana walikuja kumjulia hali baada ya habari za Bunda. Matiko akaketi mlangoni pake. Dafroza akaugeuzia uso mtungi wake, kama ipasavyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Habari za Nyakato?"

"Tunashukuru Mungu. Macho yanasemaje?"

Dafroza alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Pale ukingoni mwa jicho lake, mbali na mtungi, palikuwa na mtu. Si mabega yenye wingu juu yake. Mtu mwenye kichwa. Kichwa cha mviringo, masharubu, na masikio makubwa yaliyosimama pembeni kama vishikio vya sufuria. Mtoto alipita uani, yule mtu akamchekea, na katikati ya kicheko pakaonekana pengo. Haikuwa kwa ukali wa zamani, lakini ulikuwa uso, uso wa kwanza kumfikia tangu masika.

Akageuka haraka amtazame vizuri. Uso ukaingia kwenye doa, ukapotea. Akarudi kwenye mtungi. Uso ukarudi. Akageuka tena, ukapotea. Akarudi kwenye mtungi, na jamaa yule alikuwa palepale na masikio yake.

Susana, aliyekuwa akimenya viazi, alishuhudia mama yake akimkodolea macho mume wake mara mbili mfululizo. Akakohoa kwa nguvu.

"Mama, ni nini?"

"Shingo," Dafroza akasema. "Imekaza."

Jioni ile alijifunika khanga kichwani akacheka mpaka mbavu zikamuuma, halafu akaona haya, halafu akacheka tena. Ukimtazama mtu humwoni. Ukimwacha, anakuja. Daktari alilisema kwa maneno likapita. Adabu ilimfundisha kwa vitendo, na sasa alikuwa amelishika.

Kuanzia kesho yake akaanza shule. Akitaka kuona mdomo wa birika, alitazama jiwe lililo kando yake. Akitaka kumwona sato kwenye kikaango, alitazama ukingo wa kikaango, na masikio yakasaidia, maana sato akiiva mafuta hubadilisha sauti. Alimwaga mstari wa majivu meupe kuyazunguka mafiga yake matatu, akaujua mpaka wa moto. Alipaka chokaa ngazi ya mlangoni. Akitaka kuona uso wa mteja, alitazama sikio lake, au ziwa nyuma yake, na uso ukaja taratibu kama mgeni mwenye aibu. Siku za kwanza alikosea sana. Alimpa mzee Burito, fundi mitumbwi, kichwa cha samaki kilichokuwa cha paka, na mzee akakila chote, akasema leo supu imenoga. Dafroza alicheka peke yake hadi jioni.

Kisha akamwita Susana.

"Mwenzio bado anauzaga vyombo?"

"Anauzaga, mama."

"Mwambie anitafutie sahani nyeusi za ugali. Ugali kwenye sahani nyeupe ni mbuzi mweupe kwenye ukungu, siuoni. Na vikombe viwe vyeupe, chai naiona inavyopanda. Na ndoo. Ndoo iwe na rangi ya kupiga kelele."

Vitu vikaja juu ya lori, vimefungwa kwa magazeti. Vikombe vyeupe. Sahani za udongo nyeusi, za wafinyanzi. Beseni la bluu. Na ndoo ya plastiki ya rangi ya chungwa, ambayo Dafroza aliiweka kizingitini, akarudi hadi ukingo wa maji, na bado aliiona ikimwita. Alikaa kwenye jiwe akaifurahia. Miaka mingi maduka yalikuwa na rangi moja tu, rangi ya rafu tupu. Ruksa ilipokuja wengine walifurahia sukari, wengine kitenge. Dafroza alifurahia ndoo, na aliipenda kwa moyo wake wote bila kuona haya.

Akaenda pia kwa mke wa katekista, akamwambia wazi: "Macho yangu yamekufa katikati. Ukinipita, taja jina lako, nitakuitikia. Si kiburi."

"Jamani, mama Masatu," mke wa katekista akasema, akamshika mikono yote miwili. "Na mimi nilishakusemaga kwa padre."

Basi Kisorya ikajua, na Kisorya ikizoea jambo imezoea. Abiria walijitaja wakifika. "Mama, ni mimi Eliasi, nina njaa." Naye akawahudumia huku akitazama ziwa, kikombe kinajaa na kuishia pale kinapotakiwa. Alimweleza kila mtu alichojifunza. Jambo moja tu hakulisema, nalo ni nani aliyekuwa mwalimu wake. Angesemaje? Kwamba miezi yote hiyo, kila Matiko alipokaa mlangoni kwa heshima, mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye mtungi akimhesabia masharubu? Masatu alipoletewa habari kwamba mama anaona siku hizi, alitikisa kichwa kwa huzuni. Alidhani mama anajikaza asihamishwe.

Krismasi ikafika, na Shangazi Ursula akafika nayo kutoka Butiama. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Dafroza, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na mila zote za ukoo alizitunza yeye. Alishawahi kumrudisha bwana harusi kwao kwa sababu aliingia uani kabla ya kukaribishwa, na bwana harusi akaenda, akarudi kesho yake akiwa na adabu. Siku iliyofuata Krismasi, mchana, wakaketi ndani kwa Dafroza. Ursula akachukua kiti chenye mgongo. Susana akakaa mkekani. Dafroza akakaa kigodani, mtungi wake kando. Matiko akakaa mlangoni, bega moja nje, kofia kichwani, kimya. Mkwe hana neno kwenye kikao cha ukoo wa mke wake.

Masatu alisema vizuri, lazima tukubali. Alieleza moto, akaeleza maji, akaeleza feri na umati wake. Alisema usiku hulala akiota mama anaungua. Hapo akanywa maji, akaendelea. Alisema Buhare kuna chumba chenye dirisha, amekipaka rangi mwenyewe.

"Lakini mimi naona," Dafroza akasema.

"Mama, usinifiche. Mimi ni mtoto wako."

"Naona, Masatu."

"Haya. Nitazame."

Ukiitwa na mtoto wako unageuka. Hufikirii kwanza. Dafroza akamgeukia mwanawe kwa uso mzima, jicho kwa jicho, kama alivyomtazama tangu siku ya kumzaa, na pale alipokuwa Masatu akaona mabega ya shati na wingu.

"Nimeshika nini?" Masatu akauliza.

Kuku mmoja aliingia, akatoka.

"Sijui," Dafroza akasema.

"Basi, mama," Masatu akasema polepole, na hakuna ushindi uliosikika humo. "Basi. Yameisha. Tutakwenda Buhare."

Dafroza alihisi kibanda kinamtoka mikononi, honi na njaa na habari na vyote. Machozi yakamjia, na kwa kuwa hakutaka yaonekane, akaugeuzia uso mtungi. Na kwenye ukingo wa jicho, pale mlangoni, masikio yale makubwa yalikuwa yanakwenda kushoto na kulia. Matiko alikuwa anatikisa kichwa.

"Buhare kuna hospitali karibu," Masatu alikuwa akiendelea.

Kichwa kikatikisika.

"Na mke wangu atamwangalia, hatafanya kazi yoyote."

Kikatikisika zaidi, kwa uchungu, kichwa cha mtu aliyefungwa mdomo na heshima. Dafroza akaelewa kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja upande wake, na huyo ndiye pekee asiyeruhusiwa kusema. Yeye naye haruhusiwi kujua. Kusema ni kujivua nguo mbele ya wifi. Kunyamaza ni kwenda kukaa tu.

"Masatu," akasema, uso bado kwenye mtungi. "Shemeji yako hakubaliani na wewe."

"Nani?"

"Matiko. Kila ukitaja Buhare anatikisa kichwa. Hapo ameacha. Hapo amejishika mdomo. Hapo anavua kofia."

Wote wakageukia mlangoni. Matiko alikuwa na mkono mmoja mdomoni na kofia kwenye mkono wa pili, na uso wa mtu anayeiomba ardhi ipasuke immeze. Susana akajifunika khanga.

"Wifi," Ursula akasema taratibu, na Ursula akisema taratibu watu huogopa. "Umemtazama mkwe?"

"Sikumtazama, wifi. Nilikuwa natazama mtungi."

"Na umemwonaje?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe." Dafroza akaamua kumaliza yote. "Nikimtazama mtu simwoni. Nikimwacha, anakuja. Mwezi wa nane nimemwacha mkwe kwa heshima zote, kama tulivyofundishwaga, akaja mwenyewe kwenye jicho. Sikumwita. Macho hayana pazia, wifi. Hapo ndipo nimejifunzia kuona. Chai ninayomimina, samaki ninaowageuza, yote nimejifunzia kwake."

"Na tangu siku hiyo?"

"Tangu siku hiyo, kila akija."

"Kila akija?"

"Anapendezaga, wifi. Ana pengo."

Ursula alibana midomo. Alikaza shingo, akatazama dari, akajaribu kukumbuka kwamba yeye ndiye mtunza mila. Lakini tumbo lilishaanza kutikisika, kiti kikalia, na kile kicheko cha kuita ng'ombe kikamtoka kikajaza nyumba. Susana akafuata chini ya khanga. Hata Matiko, akiwa ameugeuzia uso uani, mabega yalimcheza.

"Sikilizeni," Ursula akasema, akijifuta macho. "Mila inasema mkwe asionwe uso. Haikusema mama atazame wapi, hilo walituachia wenyewe. Sasa, wifi, kuanzia leo mkwe akija, mkazie macho. Katikati ya uso, bila kupepesa. Hapo humwoni, na hapo ndipo heshima yako ilipo. Kwenye mtungi nisikukute tena."

Masatu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama palepale.

"Mama," akasema. "Na mimi? Mimi umeniona lini mara ya mwisho?"

Dafroza aligeuka, akampa mwanawe ubavu, akatazama dirisha.

"Usinigeuzie uso, mama. Nimekosea, lakini usinigeuzie uso."

"Nyamaza, baba. Ndiyo nakuangalia."

Akasubiri. Alizoea sasa kwamba nyuso zina aibu, hazitaki haraka. Kwanza ikaja kola ya shati, kisha kidevu, kisha mwanawe wote. Nywele zilikuwa zimerudi nyuma. Mdomo ulikuwa wa marehemu baba yake, uleule, hata namna ya kuuma upande mmoja asilie. Furaha ilimjaa Dafroza hadi ikauma.

"Umezeeka, Masatu," akasema. "Umekuwa baba yako."

Masatu akasogea hatua moja karibu.

"Na ulichoshika ni kikombe changu cheupe. Kilete, nikuwekee chai. Usije ukakivunja, ni cha Nyakato hicho."

Akaleta. Dafroza akatazama sakafu kando ya meza, akamimina, chai ikapanda ndani ya weupe ikaishia kidole kimoja chini ya ukingo. Goti la Masatu lilikuwa karibu, na lilibaki kavu. Alikunywa yote, polepole, na wote wakimwangalia, Matiko akiwaangalia kuku.

"Feri ya kwanza inakujaga saa ngapi?" Masatu akauliza mwisho.

"Jua likitoka. Kwa nini?"

"Nataka kula kibandani kwako kabla sijapanda lori. Nimekuja miaka yote hiyo, sijawahi kukaa kama mteja."

"Ukija kama mteja utajitaja jina," Dafroza akasema. "Sina upendeleo."

Asubuhi yake feri ilipiga honi, watu wakashuka. Mama, ni mimi fulani, mama, ni mimi fulani. Moshi ulipanda, mstari wa majivu uking'aa kuzunguka mafiga, ndoo ya chungwa ikiwa kizingitini. Masatu alikula sato mzima, akaomba kichwa cha mwingine. Ursula aliketi benchi lilelile, akiwaelekeza abiria asiowajua namna ya kukaa.

Hapo Susana na Matiko wakatokea na mizigo yao kwenda kwenye lori la Bunda. Matiko alipoukaribia moto akaingia majanini, akainamisha kichwa, kama ipasavyo. Na Dafroza akasimama wima, kijiko mkononi, akamkazia macho usoni bila kupepesa, hatua kwa hatua, kama askari wa mpakani. Mke wa katekista akaachia tonge.

"Mwacheni," Ursula akasema. "Anamheshimu mkwe."

Alimheshimu hadi akapita. Ndipo mafuta yakabadilisha sauti, na Dafroza akainamia kikaango kumgeuza samaki, maana kazi ni kazi. Huko pembeni, mtu mmoja mwenye masikio makubwa akageuka barabarani, akavua kofia, akaiinamia ile ndoo ya rangi ya chungwa kwa heshima zote, akacheka na pengo lake.

Ursula akamuuliza wifi yake anacheka nini. Dafroza akasema ni samaki.